Naftali Alute na Digrii Tatu Zilizozidi

Tarehe 31 Machi 1958, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuvuta mnyororo wa kupimia, Mzee Naftali Alute anaagana na kikosi chetu cha upimaji hapa Singida. Mnyororo umepata kutu na kubadilishwa mara nne. Yeye ni yule yule wa kwanza.

Aliajiriwa mwaka 1926 kuwa mchukuzi wa vyombo, akiwa na darasa la nne la misheni. Bwana mpimaji akipumzika mchana, Naftali alikuwa akisoma kitabu chake cha majedwali. Haikupita miaka mitano akawa ameijua siri ya pembetatu: ukipima upande mmoja na pembe mbili, pande zilizobaki huna haja ya kuzifuata kwa miguu. Kwa mtu aliyebeba mizigo kutoka Mtinko hadi Kiomboi, elimu hiyo ilikuwa tamu kuliko asali.

Huko Kiomboi aliwahi kuwatajia mafundi urefu wa ngazi ya kufikia paa la ghala, naye kasimama chini na fimbo yake tu. Walimcheka. Ngazi ilipotua pale pale aliposema, fundi mkuu, Leonidas, alikaa siku mbili bila kumsalimu.

Lakini heshima yake kwetu ilitokana na upimaji wa lambo la maji mwaka 1951, karibu na Mtinko. Tulipima pembe kutoka kona mbili za kilimani hadi kwenye bendera ya ng'ambo, kule chini, mbele ya nyumba ya mjane Damari na wanawe watano. Kisha tukapima na pembe ya pale penye bendera. Hesabu hiyo ndiyo ingeonyesha maji yatafika wapi. Jioni nilijumlisha nikapata digrii 183, na pembetatu ni 180 tu.

Bwana mpimaji, aliyekuwa na safari asubuhi, alitaka kila pembe ipunguziwe digrii moja, kosa ligawanywe kama nyama ya harusi. Kwa hesabu hiyo umbali ulizidi, na kwa kuwa tuliitazama kutoka juu, ardhi ya ng'ambo ikaonekana iko chini zaidi, na nyumba ya Damari ikaingia majini. Ingebidi ibomolewe kabla ya mavuno.

Naftali, asiyepandisha sauti hata kwa punda, alikataa kufunga vyombo. Alisema pembetatu haidanganyi, labda sisi. Alfajiri akaenda kumwamkia Mzee Lazaro, mwenye shamba tulimochomeka bendera. Shikamoo na habari za mifugo zilichukua nusu saa, kisha mzee akaeleza bila wasiwasi kwamba bendera tuliichomeka juu ya kaburi la baba yake. Tulipokuwa tukihamisha darubini kwenda kona ya pili, aliing'oa, akaisogeza hatua kumi, akaisimamisha vizuri kuliko sisi. Hakusema kwa kuwa hatukumuuliza. Tuliona haya kweli.

Tuliomba radhi, tukapima upya. Zikatimia 180, na nyumba ikabaki futi mbili juu ya maji.

Damari hajui. Anachokumbuka ni wapimaji waliomaliza togwa yake. Naftali alitukataza kumwambia, akisema mtu hadaiwi shukrani kwa nyumba yake mwenyewe. Leo tumemwalika Damari, ameketi mstari wa mbele, na karatasi hii inasomwa kwa sauti. Mama, mzee aliyeinamisha kichwa hapo mbele yako ndiye aliyekuachia paa.

Mzee Naftali, asante kwa miaka yote. Nenda salama nyumbani kwa mkeo, Mama Rahabu, mle mema ya uzeeni, na utusamehe kwa kuvunja amri yako.

Yeremia, mchora ramani