Yolande Nday Mwamba, Winga wa Kushoto Aliyeishi na Kifafa

Yolande Nday Mwamba alizaliwa Lubumbashi, Kamalondo, tarehe 14 Machi 1988, mtoto wa kwanza wa Papa Barnaba Mwamba na Maman Antoinette Ngoie. Alikuwa winga wa kushoto wa timu ya taifa ya wanawake ya Kongo, na alikuwa na kifafa. Katika kikao cha familia wengi walitaka sentensi hiyo iishie kwenye Kongo, na mwishoni tuandike "baada ya kuugua kwa muda mfupi", kama ilivyo desturi ya karatasi hizi za mazishi. Mimi Hénock, mjomba wake, niliyepewa kazi ya kuandika, nimekataa. Ameumwa miaka kumi na sita.

Shule ya msingi aliianza Lubumbashi akaimalizia hapa Brussels, baada ya familia kuhamia Jette mwaka 2000. Walimu walimsifu kwa hesabu na walimlalamikia kwa kutotulia. Nyumbani alicheza kwenye korido na mpira wa soksi, mpaka bibi mmoja Mbelgiji wa ghorofa ya chini akapanda ngazi kuja kugomba. Siku ya pili bibi huyo alirudi na mpira wa kweli, akasema huu haufai kuchezewa ndani, mtoto ashuke nao uwanjani. Tangu hapo Nday alionekana nyumbani wakati wa kula tu.

Alianguka kwa mara ya kwanza Oktoba 2002, katikati ya ibada, kanisani kwetu Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels. Waimbaji walirudi nyuma wakikusanya nguo zao, kwa kuwa wengi wetu tuliamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Jambo hilo si kweli, na hospitali ilituambia hivyo waziwazi. Ikatupa na vidonge. Vidonge tulivipokea, jina la ugonjwa tukaliacha hukohuko. Papa Barnaba alituita sebuleni. "Ku masomo, ku équipe, fasi yote, museme ni palu," alituagiza: shuleni, kwenye timu, kila mahali tuseme ni malaria. Hakuna aliyebisha. Wabelgiji nao hawakuuliza: mtoto wa Afrika, malaria, basi. Kwa hiyo Nday akawa mtu anayeugua malaria kila mara katika mji usio na mbu wake, na sisi tulikuwa tukilichekea jambo hilo mezani.

Mwaka 2003 alijiunga na timu ya wasichana, na kufikia umri wa miaka ishirini alikuwa tegemeo la klabu ya wakubwa. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao mabeki waliujua na bado uliwapita. Mwaka 2010 aliitwa timu ya taifa, kwa mechi ya kirafiki Lubumbashi kwao. Daktari aliyemwandaa kwa safari alijua habari moja tu, kwamba binti huyu malaria inamwandama, akachagua dawa kali ya kuzuia. Kabla ya kuandika aliuliza kama kuna kifafa kwa mgonjwa. Maman Antoinette ndiye aliyejibu: "Non, docteur. Ni palu tu." Nday alimtazama mama yake, akaipokea karatasi ya dawa. Dawa ile mwenye kifafa hapewi, maana huamsha ugonjwa wake.

Uwanjani Lubumbashi alianguka mbele ya watu wote. Wenzake walisimama mbali. Golikipa peke yake, Kahambu, dada wa Butembo, alikimbia kutoka golini, akamgeuza ubavu na kumwekea glavu zake chini ya kichwa. Kahambu yuko hapa leo, na familia haijawahi kumshukuru. Badala yake tuliwapigia ndugu simu tukiwaambia malaria imempanda kichwani.

Aliporudi, Nday alikwenda mwenyewe kwa kocha wake akautaja ugonjwa kwa jina. Kocha alitaka kujua kitu kimoja, wenzake wafanye nini akianguka. Akawafundisha, wakajifunza, na maisha yakaendelea. Alibadilishiwa dawa, akaitwa tena timu ya taifa, akacheza hadi 2017, kisha akaanza kufundisha wasichana wadogo hapa Etterbeek. Siku moja, akiwa bado anacheza, refa wa Lubumbashi alimwambia anajiangusha kutafuta penalti. "Arbitre, hapa nimesukumwa," alimjibu. "Ile ingine inakuyaka yenyewe, haiombake penalti." Hadi beki aliyemsukuma alicheka.

Sisi hatukuwa tunaenda kumtazama. Alituletea tiketi, tukapata harusi, tukapata mafua. Aliniuliza mara moja: "Tonton, unaogopa nianguke, ao unaogopa bantu baone?" Nilimwambia gari linasumbua.

Tarehe 21 Juni 2014 alifunga ndoa na Bwana Dominic, mzaliwa wa Moshi, Tanzania, muuguzi. Wakati wa mahari tulikuwa tumejipanga kunyamaza. Nday alimngoja Dominic kwenye metro ya Porte de Namur akamwambia yote. Dominic anasimulia kwamba alishusha pumzi. "Hilo tu? Ulivyokunja uso, nilidhani una mume Lubumbashi." Waliishi Etterbeek kwa kupendana, na hatukusikia ugomvi isipokuwa juu ya ndizi za Kichaga, ambazo Nday hakuzikubali hadi mwisho.

Mwishoni mwa Oktoba 2018 Dominic alikwenda Moshi kumzika baba yake. Daktari hakutaka Nday alale peke yake, na ilikuwa aje kwetu Jette. Lakini wiki hiyohiyo wazazi wa Antoine, kijana aliyetaka kumwoa Anaïs, mdogo wake Nday, walifika kutoka Lubumbashi kuzungumza habari za posa. "Bale bantu bakimuona anaanguka, mariage inakufa," Maman Antoinette alisema, na sote tuliokuwa pale tulikubali. Nday akaambiwa kwa simu aje Jumatatu, wageni wakishaondoka. Alijibu: "Haina shida, maman." Jumapili asubuhi, tarehe 4 Novemba, wasichana wake walimngoja uwanjani. Alikutwa kitandani. Kifafa kilimjia usingizini. Hakuna ajuaye kama mtu wa kukaa naye angemwokoa. Tunachojua ni kwamba vitanda vya kwetu vilikuwepo.

Marehemu ameacha mume, Dominic. Wazazi, Papa Barnaba na Maman Antoinette. Mdogo wake Anaïs. Na wasichana wa timu yake, ambao wote wanajua la kufanya mtu akianguka.

Wazazi wa Antoine, mko pamoja nasi hapa kaburini. Mlikula kwetu Jumamosi ile, mkauliza binti mkubwa yuko wapi, tukawajibu amesafiri. Hakusafiri. Sasa mmejua sisi ni watu gani. Anaïs ndiye aliyesoma karatasi hii kabla haijachapwa, na nilipomwuliza kama nipunguze, alisema: "Andika yote, tonton. Kama bataenda, baende."

Mungu amlaze Nday mahali ambapo aibu yetu haifiki.