Mapipa Haya Yasimrithi Mtu

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Kifungua mimba, achana na hayo mapipa, yatachacha bila wewe. Nawe kitinda mimba, usimpe dada yako mgongo.

Baba yenu aliniachia shamba na lundo la mabua yaliyooza nyuma ya jiko, na katika uozo ule nikauona ukungu mweupe uliokuwa ukiyalainisha mabua na kuyatia utamu. Watu wakanicheka: mjane analamba takataka. Nikayatia chachu, nikakeneka kwa kuyachemsha na kuupoza mvuke, ikatoka spiriti ya kupikia, na tangu hapo mtaani hakuna mama anayetokwa machozi kwa moshi wa kuni. Lakini kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana: ukungu ule hula asubuhi na jioni, ukipata baridi unakufa, nami sijalala nje ya ukuta huu tangu mkiwa wadogo. Harusi za wadogo zangu nilisimuliwa tu.

Jana wenye kiwanda cha spiriti walikaa kwenye viti hivyo. Wanautaka ukungu, tena wanataka tutie saini kwamba hakuna mwingine atakayeufuga. Kitinda mimba, wewe unasema tuuze, majirani warudi kwenye kuni. Dada yako anasema hauzi hata azeekee hapa, na uchumba wake umeshavunjika kwa ajili ya mapipa. Nyote mnanitia hofu, ila yeye zaidi, kwa kuwa namwona anatembea kama mimi.

“Mama, pumzika kidogo.”

Nitapumzika, mwanangu, niendako kuna nafasi ya kutosha. Sikilizeni. Nimemtuma mkunga aliyewazalisha apite nyumba kwa nyumba, kila mwenye jiko la spiriti aje na chupa. Mpeni kila mmoja ukungu kidogo, mumfundishe kuulisha. Kilicho mikononi mwa wote hakuna wa kukiuza, na akichoka mmoja, mwingine atalea. Shamba gawaneni sawa, mpaka wenu uwe mfereji, na msipelekane kwa wazee kwa sababu ya mche mmoja. Kifungua mimba, yule fundi cherehani uliyemwacha bado hajaoa. Nenda kwake. Mwambie mama amekufungua.

Nipe maji... basi, yanatosha. Mungu awape kazi isiyowameza. Awape... usingizi wa ugenini, mwamke hamna haraka. Mpendane, wanangu. Mpen...

Nasikia viatu uani, na chupa zikigongana. Ni majirani. Usinishike mkono, mwanangu. Nenda kawapokee.