Afande Zedekiya na Korti ya Kofia

Kwa kuwa karatasi hii nitaipiga picha niitume nyumbani, naanza na wa nyumbani. Baba Gerishom, habari ya mgongo. Damaris binti yangu, nakusalimu, na uache kumpa ng'ombe mkate. Everlyn mkwe wangu na wajukuu wawili, nyanya yenu ni mzima. Na wewe Gerishom mwanangu, askari polisi uliyesimamishwa kazi tangu Agosti ukaambiwa ungoje kusikizwa, salamu zako ni mara mbili. Na kula, tafadhali ule.

Sasa kazi niliyopewa. Afande Zedekiya anastaafu Alhamisi hii, tarehe 28 Juni 2018, baada ya miaka kumi na saba ya kusimamia nidhamu ya walinzi wa kampuni yetu hapa DIP, Dubai. Walitafutwa wenye shule waandike maneno ya kumuaga, wote wakawa na shughuli. Ndipo nikaitwa mimi, mpishi.

Alikuja 2001 akitoka kwenye upolisi, akatuletea zawadi ya huko: korti ya kofia. Kila Jumamosi asubuhi mlinzi mwenye kosa alivua kofia na mkanda kwenye korido, akaingizwa ofisini kwa mwendo wa kushoto-kulia, akasimama wima. Afande ndiye aliyeandika mashtaka, ndiye shahidi, ndiye hakimu. Kazi tatu kwa mshahara mmoja. Mchapakazi kama huyo utamtoa wapi? Mashtaka yalisomwa kwa Kiingereza hata kwa asiyekijua, ili asisumbuke kuyajibu. Dakika mbili, khalas, mtu yuko kwenye basi kwenda Hatta, huko milimani, kulinda geti la shamba ambalo hakuna aliyewahi kulitamani ila mbuzi. Na katika miaka kumi na miwili hakuna msimamizi hata mmoja aliyewahi kukosa. Malaika watupu.

Halafu ikaja Julai 2013. Shakir, mlinzi wa ghala moja la Deira, alileta redio ya mawasiliano itengenezwe. Jua lilikuwa la kuivisha chapati juu ya gari, naye akavua kofia kwenye korido ajifute jasho. Kosa kubwa hilo. Asiye na kofia koridoni ni mshtakiwa, mambo ya kuulizana majina ni ya nini? Akaingizwa, akahukumiwa siku saba za Hatta kwa kulala lindoni, na aliposema yeye ameleta redio tu, akaongezewa mbili za ujeuri. Aliyelala kweli alikuwa jikoni kwangu akiomba chai ya pili. Siku ya tisa msimamizi wa Deira akapiga simu kuuliza redio yake iko wapi. Na mlinzi pia, kama yupo.

Hapa nitamsifu bila mzaha, ingawa kichwa kitamvimba. Mwingine angeichana ile karatasi ya mashtaka. Yeye alikwenda kwa sir, mkubwa wa kampuni, akasema amehukumu asiye na kosa, na anataka kushtakiwa. Wakatafutwa watu wa kumhukumu, hawapo, maana hakimu ni yeye. Kampuni nzima ikashika kichwa. Mwishowe tukaketishwa watatu: mlinzi mmoja, karani wa sare, na mimi wa darasa la nne, kwa hoja ya Afande kwamba anayempakulia kila mtu ugali hana upande. Tulimpa siku tisa Hatta. Tulipomuuliza Shakir kama zinatosha, akasema afande aongezewe mbili, jinsi anavyosimama kuna ujeuri. Tulicheka, afande akacheka, na tukamwongezea. Alikwenda zote kumi na moja.

Aliporudi akabadilisha mambo. Aliyeshtaki haketi kuhukumu. Wanaoketi ni watatu, nao hubadilishwa. Karatasi inasomwa kwa lugha ya mwenyewe. Kofia inabaki kichwani mpaka kosa lithibitike. Na mlinzi anaweza kumshtaki msimamizi. Mwezi wa kwanza tu, wasimamizi wanne waligundua wana presha. Wakanung'unika kwamba nidhamu itakufa. Iko hai mpaka leo. Kilichokufa ni ule wepesi wa kutia watu kwenye basi.

Sasa anarudi nyumbani, na hata hajafunga mizigo kazi imemkamata. Ameitwa mbele ya kamati inayotazama upya namna polisi wanavyoadhibiwa wakikosa. Wanataka kusikia alivyofanya huku. Mwanangu atasikizwa tarehe 19 Julai, na atakayeketi kumhukumu ni mkuu wake yuleyule anayemshtaki kwamba alipokea kitu kwa dereva wa lori. Naye ni mchapakazi.

Simwombi Afande amtoe. Gerishom nimemzaa, namjua. Akiwa mdogo alinilia sukari, akanitazama machoni akasema ni siafu. Kama alipokea, alipe. Lakini atakayemsikiza awe mtu ambaye hajamaliza kuamua. Mimi nimeketi kwenye kiti hicho, najua kinavyouma ukikikalia vizuri.

Afande, sisi wa jikoni na wa vyumba vyote tunasema asante. Upate uzee wenye usingizi, majirani wa kukuamkia, na chakula kisichopangiwa foleni. Kamati inakuita tarehe 10 Julai. Ukitoka humo, kabla hujazunguka kusalimia ukoo, niandikie walivyokujibu. Hata ikiwa ni hapana, niandikie siku hiyohiyo. Simu nitakuwa nayo kwenye aproni.