Bwana, Maji Tu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Munivumilie nisimame na fimbo, na kama ninapotea njia, munaniita, ninarudia.

Minye ninakaa Kikula. Ile miaka kazi ya kampani ilikufa, binti yangu alienda kutafuta samaki ya kuuzisha upande wa Koni, akaniachia mutoto wake, Kasongo, minye kambo yake, bibi yake. Alikuwa hajajua bado kufunga kaputula. Robine yetu, bomba ya maji pale kiwanjani, ilikuwa inakohoa hewa tu. Ile robine marehemu bwana yangu aliiweka mwenyewe, aliipangusa kila siku ya Mungu kama kikombe ya kanisa. Minye hakunipangusa vile hata siku moja! Basi, tuache marehemu apumuzike.

Kasongo akashikwa na homa. Munganga wa sindano, jirani yetu, alikuya, akamuchoma kinini, akaniambia: "Mama, dawa iko ndani. Sasa kazi yako njo maji. Umupanguse mwili, umunyweshe kidogo kidogo. Usichoke."

Usichoke! Nilikuwa na ndoo moja tu. Kisima iko kule chini, na mutoto siwezi kumuacha peke yake. Nilipangusa, nilipangusa, mpaka nikasahau kama nimekamua kitambaa ao bado.

Ndugu zangu, hapa njo shida iliingia. Bantu balikuya kusalimia mugonjwa. Na weye unajua desturi yetu: muntu amekuletea pole, unamuwekea kiti, unamupa maji. Balikunywa! Mumoja alimaliza kikombe, akaomba ingine: "Kambo, maji yako iko tamu!" Nikasema aksanti. Ningesema nini? Bakaenda, nikaangalia ndoo: imebakia kidogo chini kabisa. Na mutoto moto kama jiwe ya jiko, mudomo imekauka, halii tena.

Nikataka kuomba. Maneno haikukuya. Nilisema tu, "Bwana, maji."

Halafu nikasikia bamama ya maombi banaimba mu njia, bengi! Roho yangu ikaanguka. Nikasema, hawa nao beko na kiu.

Mukubwa wao, Mama Feza, akaingia. Nikachota ile ya mwisho, nikamupa. Akaangalia kikombe, akaangalia ndoo, akaangalia mutoto. Akakata wimbo katikati.

"Bamama, tutaimba kule kisima! Kila muntu achukue kitu ya kuchotea!"

Mumoja akauliza, "Na maombi?"

"Utaomba na ndoo kwa kichwa. Mungu hatashituka!"

Akaketi, akamupa Kasongo ile maji, kijiko kwa kijiko. "Na weye, Kambo, lala."

Nililala, ndugu zangu. Wengine banatoa ushuhuda ya kufunga na kukesha. Minye nilikombolewa nikikoroma! Kuamuka, jua limepanda, ndoo na sufuria zimejaa mpaka kwa mulango, bamama banapokezana kitambaa. Mutoto jasho tele, homa imeshuka. Akafungua macho: "Kambo, bukari iko?"

Bukari, ule ugali wetu, haikuwa. Nikalia, nikacheka.

Aksanti Yesu! Na weye mwenye iko na mugonjwa mu nyumba, umechoka mpaka maombi imekuishia mu mudomo, usiogope. Mutegemee. Na kama hauna tena nguvu ya kumutegemea, weka kichwa chini kidogo. Yeye hasinzii.