Mzee Kipara na Udongo Uliohama Shamba

Huyu tuliyekuja kumsindikiza alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Kipara, na wageni walikuwa wakishangaa, maana ameondoka na nywele zake zote kichwani. Kipara kilikuwa cha shamba lake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kufagia uwanja hakuwa na mpinzani. Mwalimu mkuu alimpa zawadi ya usafi, na familia inaamini hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alipomaliza alipewa shamba mteremkoni, juu kidogo ya shamba la mdogo wake, akalima mahindi na maharage maisha yake yote. Kila baada ya mavuno alikusanya mabua, akayachoma, kisha akafagia. Ndiyo, alifagia shamba. Bwana shamba alipomshauri aache mabaki yafunike udongo, alimjibu, "Mwanangu, kwenu hamfagii?"

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa. Mkewe naye alijaribu. "Baba, hayo mabua yakioza yanalisha udongo."

"Udongo haujawahi kuniomba chakula," alisema, akawasha kiberiti.

Kisha zikaja mvua za Aprili 1998. Asubuhi moja alikuta shamba limebaki mawe. Udongo wake mweusi, pamoja na miche ya mahindi, ulikuwa umetulia kwa mdogo wake, aliyekuwa amechimba makinga maji, ile mitaro ya kuzuia udongo usihame, na kupanda majani kingoni mwake, kazi ambayo marehemu aliita makaburi ya panya. Alichukua toroli na koleo, akateremka.

"Nimefuata udongo wangu."

"Chukua, kaka. Lakini wa kwako ni upi?"

Marehemu aliinama, akachota, akanusa. Akachota tena. Kisha akaketi juu ya toroli akalia, maana nyumbani kulikuwa na watoto wanne na hakujua watakula nini. Mdogo wake aliketi kando yake.

"Ukiupandisha bila kuchimba makinga, utarudi tu kwangu. Njia umeshaijua."

Wakaangua kicheko. Walichimba pamoja msimu mzima, na mwaka ule nyumba zote mbili zilikula kutoka ghala moja.

Tangu hapo akawa msumbufu wa aina nyingine. Kwenye harusi alizunguka na gunia akiomba maganda ya kulishia udongo kabla watu hawajamaliza kula. Akimwona mtu anachoma majani, alizima moto kwanza, salamu baadaye.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Wodini, muuguzi alikuta mfuko wa maganda ya ndizi chini ya kitanda chake.

"Mzee, hapa ni hospitali!"

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana maganda ni mengi."

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha.

"Maji yameteremka?" aliuliza.

"Hayajafika kwangu, kaka."

Alitabasamu, akafumba macho.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, mdogo wake mpendwa, na majirani wengi wanaoogopa kuwasha moto hata leo. Mwili wake upokewe kwa upole, na roho yake ikapate utulivu.