Mama Januari na Filamu ya Farao

Marehemu Mektilda Nyamizi, ambaye wengi tulimwita Mama Januari, alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Machi 1941, binti wa Mzee Kamili na Mama Justa. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha ili amuuguze mama yake.

Mwaka 1960 alifunga ndoa na Gregory Mabula wa Runzewe. Walilima pamba na mahindi, wakajaliwa watoto watatu. Wa kwanza ni Januari.

Agosti 1967 parokia ilileta filamu ya Musa na Farao. Ilionyeshwa mchana ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, katekista Telesphori akitafsiri kwa Kisumbwa. Marehemu alikaa dirishani, amempakata Januari aliyekuwa akichemka kwa homa. Kivuli cheusi kilipoanza kutambaa juu ya nyumba za Wamisri, katekista akasema, "Sasa anakufa mzaliwa wa kwanza wa kila nyumba." Akina mama wakapiga yowe. Watu wakakimbilia mlango, nao ulikuwa mmoja tu, wakaanza kukanyagana. Marehemu alibaki pale dirishani na mtoto wake. Akanyoosha mkono, akalivuta blanketi likaanguka. Jua likaingia, picha ikafutika ukutani, watu wakatulia. Walioumia walikuwepo, lakini hakuna aliyekufa.

Walipofika nyumbani akamwambia mumewe, "Baba Januari, chinja yule jogoo, tupake damu mlangoni kama Waisraeli, mauti yatupite."

"Ile ilikuwa picha tu, mama."

"Najua ni picha. Mtoto wangu siyo picha."

Mzee Gregory akachinja, akapaka. Padre alipopita kuwaona wagonjwa aliitazama miimo ya mlango, akaingia kumwona mtoto. Homa ilishuka wiki hiyo.

Januari alipokwenda kuchimba dhahabu Geita mwaka 1983, marehemu hakula vizuri. Kila gari liliposimama barabarani, alitoka nje kuangalia nani anashuka. Mwanawe alirudi salama.

Mwaka 1986 alianza kuugua uvimbe wa tumbo, akalazwa hospitali. Januari alimwuliza, "Mama, unaogopa?"

"Naogopa, mwanangu. Usitoke."

Januari hakutoka. Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 1987, mwanawe amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto Januari, Salvina na Maige, wajukuu wanne, na dada yake Theopista. Mungu ampokee, apumzike kwa amani pasipo hofu.