Kumuaga Mzee Melkizedeki Msengi wa Chumba cha Redio

Tarehe 30 Juni 1958 Mzee Melkizedeki Msengi atakabidhi ufunguo wa chumba cha redio, baada ya kuitumikia hospitali yetu ya misheni hapa Misigiri kwa miaka ishirini na saba. Kamati ya sherehe imemwomba mwandishi wa maneno haya, dresa Fabiano Kitundu, mfunga vidonda wa wodini, aandike kwa ufupi na kwa kuchangamsha. Kwa ufupi ataweza.

Mzee Melki alianza kwa kupasua kuni za jikoni, akapanda akawa mwangalizi wa jenereta. Vita vilipokwisha, Daktari wetu, ambaye tangu ujana wake anapenda redio kuliko chakula, alifunga mtambo wake mwenyewe katika chumba kilicho nyuma ya stoo. Si mtambo wa serikali wala wa posta. Ni wa wale watu waliotapakaa duniani ambao huzungumza hewani kwa kupenda tu, bila mshahara, wakiulizana habari za mvua na za mitambo yao. Leseni ni ya Daktari, lakini Daktari ana wagonjwa. Kwa hiyo aliyefundishwa kugonga zile nukta na mistari zinazobeba maneno hewani, Daktari akiwa chumba cha pili, ni Melkizedeki.

Mkono ukazoea mno. Aligonga mezani wakati wa chakula, akagonga kwenye benchi la kanisa mahubiri yalipokuwa marefu, mpaka Mchungaji akamwuliza mbele ya washarika kama anasali au anapeleka salamu. Nesi Theresia naye hawezi kusahau siku alipoanika mashuka ya wodi juu ya waya wa redio akidhani ametundikiwa kamba mpya. Melki alitoka mbio, visikizi vya masikioni bado vikiwa shingoni, na aliyoyasema yalikuwa Kinyiramba kitupu. Mashuka yalianuliwa yakiwa mabichi.

Mwaka 1949 homa ya uti wa mgongo iliingia vijijini na dawa zikatuishia. Melki aliita hewani. Akajibiwa na mwenzao wa Tabora, mtu wa reli anayependa redio kama Daktari, naye akaupeleka ujumbe kwa wanaohusika. Dawa zikaja kwa treni mpaka Manyoni, lori letu likazifuata huko, na wagonjwa wengi wakapona. Tangu hapo, kutoka Iguguno mpaka bondeni Wembere, watu walisema ukiwa na shida mpelekee Melki, atasema na waya, na kitu kitakuja. Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Sote tuliamini.

Kisha ikaja masika ya mwaka 1952. Maji ya Wembere yalikizunguka kijiji cha Mgela, alikoolewa Yunisi, dada yake mkubwa Melki. Melki akaita, na Tabora ikajibu siku ileile: malori yanakuja na mitumbwi, watu wakusanyike mahali pamoja ili waonekane kwa urahisi. Tulifurahi kama watu waliokwisha kuokolewa. Melki hakutaka kumtuma mtu. Aliteremka mwenyewe kuwapa habari, na mwandishi alifuatana naye akiwa na sanduku la dawa.

Siku hiyo njia ya kupandia milimani ilikuwa bado inapitika, maji yakiwa ya kiunoni. Tulikutana na Yunisi ndani ya maji, mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, furushi kichwani. Alikuwa anaondoka, na nyuma yake walikuwa wamejipanga wengine wanaomwangalia atafanyaje. Melki alimwamkia shikamoo, hata pale, halafu akamwambia, "Dada, rudi. Wamesikia. Wanakuja."

Yunisi alimtazama, akauliza, "Umewasikia wewe mwenyewe?" Akamjibu kwamba amewasikia kwa masikio yake. Basi akageuka, na waliokuwa nyuma yake wakageuka naye, wakaenda kukaa kwenye kilima cha shule kama walivyoelekezwa.

Malori yalikuja kweli. Yalifika mbele kidogo ya Iguguno, yakakuta daraja limechukuliwa na maji, yakangoja, yakarudi. Hayakuwa na redio, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba yamerudi. Kesho yake maji yakafika kwenye kilima cha shule, na njia ya milimani ilikuwa imekwisha fungwa. Mwili wa Yunisi ulipatikana maji yalipopungua. Watoto hawakupatikana.

Watu wa redio wana desturi yao. Ukimsikia mwenzako wa mbali, unamtumia kadi kwa posta kumthibitishia kwamba alisikika. Mwezi wa tano kadi zikaanza kuja, kutoka nchi ambazo wengine wetu hatujui ziko upande gani, zenye picha za meli na milima ya theluji. Zilisema kwamba wito wa Misigiri wakati wa mafuriko ulisikika vizuri sana, na zilitupongeza. Daktari, aliyewalilia watu wa Mgela waziwazi, alizibandika ukutani kwa nia njema. Mwandishi amezisoma zote. Hakuna iliyosema uongo, na hilo ndilo linalokera.

Melki aliendelea kukaa chini ya kadi zile kila siku ya kazi. Aliita, akajibiwa, akaandika. Lakini hakumwambia tena mtu yeyote kwamba wanakuja. Alisema wamesikia, basi, na mtu akitaka zaidi alimwambia akaangalie barabara.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Wembere ilianza tena kujaa. Tabora ilisikika wazi, na safari hii ziliahidiwa boti. Melki alivua visikizi, akateremka Mgela, akawaambia, "Wamesikia. Msiwangoje. Pandeni leo." Wakapanda wote, kwa kuwa walimjua ni ndugu wa nani, wakaacha mbuzi na vihenge vya mahindi. Maji yakaja mpaka mashamba ya chini, yakasimama, yakarudi. Mbuzi wakaliwa na fisi na wezi, mahindi yakaoza kwa kuachwa wazi. Boti hazikuonekana, lakini nani anajali hilo sasa? Huko Mgela wanasema mzee amechanganyikiwa kwa msiba wake, na wameapa kwamba safari nyingine watakaa wasubiri boti, maana redio imeahidi.

Mwandishi angependa kuwaambia wageni kwamba kuna fundisho hapa. Ametafuta, hakuliona. Mtu aliwaambia watu wake wakae, wakafa. Akawaambia waondoke, wakafilisika. Mara zote mbili mtambo ulikuwa unafanya kazi vizuri.

Kamati imemnunulia blanketi na jembe. Tumemsihi ajenge huku juu karibu nasi, Mchungaji amempa na kiwanja. Amekataa. Anahamia Mgela, kwenye uwanja aliouacha Yunisi, kati ya watu wasiomwamini tena. Anasema akikaa huku ataishia kusikia tu.

Asante, Mzee Melki, kwa kuni, kwa jenereta, kwa wagonjwa wa mwaka 1949, na kwa kuteremka mara mbili. Tunakutakia maisha mema, afya na mavuno. Chumba cha redio kitaendelea na kazi. Ukiita tutakusikia, na tutapeleka ujumbe wako mbali sana. Ila maji yakianza kupanda, mzee wetu, usitungoje.